Waya Uliochomolewa

Ndugu zangu, kulikuwa na mkaguzi mmoja, mtu wa kompyuta. Ofisi yao ilikuwa inatengeneza seva, yaani ile mashine inayotunza mafaili ya watu walio sehemu mbalimbali: wa Songea anaweka faili lake humo kupitia mtandao, wa Bukoba analichukua. Wenzake waliandika programu za kuijaribu hiyo seva, na yeye kazi yake ilikuwa kuyasoma majaribio hayo mstari kwa mstari, aone kama kweli yanajaribu kitu. Mkali huyo! Nukta haimpiti.

Lakini moyoni alikuwa na kidonda. Alimkumbuka dada yake, jamani, alimkumbuka mpaka chakula kinamshinda. Dada huyo ndiye aliyemlea. Siku ya kumzika mama yao mkaguzi alichelewa, akakuta kaburi limeshafunikwa, na dada yake akamwambia mbele za watu, "Usikanyage kwangu tena!" Mkaguzi akaondoka, akabadilisha na namba yake ya simu. Miaka sita ikapita. Akisikia mwanamke anacheka njiani kama dada yake, anageuka. Kila Desemba anafungasha begi, anakaa kitandani, anajiuliza: nikienda atanipokea? Anajijibu mwenyewe: hawezi, alishasema. Basi anarudisha nguo kabatini.

Siku moja binti mmoja wa pale ofisini akamletea jaribio lake, uso umemjaa furaha.

"Kaka, hili limepita. Naweka faili kwenye seva, kisha nauliza kama lipo. Najibiwa lipo. Nimerudia weee, alama ya kijani tupu."

Mkaguzi akasoma, akakunja uso. "Hebu liendeshe tena nione."

Binti akaliendesha. Faili lilipokwisha kuandikwa, yule bwana akainama chini ya meza, akachomoa waya wa mtandao. Mnajua kilichotokea? Jaribio likajibu: lipo. Kijani!

"Haa! Kaka, si umechomoa waya?"

"Ndiyo nakuuliza, mdogo wangu. Hapa umemuuliza nani? Kompyuta yako inakumbuka ilichoandika, inakujibu kwa kumbukumbu yake yenyewe. Seva hata haina habari kwamba umeuliza. Nenda kaulize kutoka kompyuta nyingine."

Binti akaenda kulirekebisha. Mkaguzi akabaki anaandika maoni yake: "Jaribio hili linajijibu lenyewe. Upande wa pili haujaulizwa." Alipofika hapo akaacha kuandika. Akaisoma tena sentensi yake mwenyewe, machozi yakamlenga.

Akatoka nje kwenye ngazi, akapiga ile namba ambayo hakuwahi kuisahau.

"Dada, ni mimi."

Ikaja ile sauti aliyoililia miaka sita: "Wewe! Nimekupigia mpaka nimechoka, naambiwa namba haipatikani. Zile zilikuwa hasira za msiba, hata arobaini hazikufika. Nani alikwambia bado nimekukasirikia?"

Mtu mzima akakaa kwenye ngazi akalia, na watu wanapita.

Na sisi je? Wewe uliyekaa karibu na mlango ili uwahi kutoka, unayesema Mungu amekuchoka, nani amekwambia? Ulimuuliza lini? Tunamtamani Baba yetu, begi tunalifungasha kila Jumapili, kisha tunajijibu wenyewe kwa maneno ya zamani na kurudisha nguo kabatini. Na wale tuliogombana nao ni vivyo hivyo. Mume anajibu badala ya mkewe, mama anajibu badala ya mwanawe, na waya ulishachomolewa siku nyingi! Mnacheka? Mimi sicheki, maana nina mdogo wangu Singida.

Kila Jumapili huwa nawagombeza mzime simu. Leo msizime. Tutasimama tumwombe Baba, tumuulize yeye mwenyewe. Tukimaliza, kwaya itatuimbia, na mwenye mtu wake atoke pale uani ampigie. Naanza mimi.