Bi Pimbi, Bwana Ngiri na Kijiko cha Chia

— Hodi ya ngano!
— Karibu, tumetega masikio!
— Niketi?
— Keti, kigoda ni chako!
— Niharakishe?
— Usiharakishe, ngano haitukimbii!

Haya. Basi nitakwenda polepole.

Hapo kale palikuwa na bonde chini ya majabali, na katika bonde palikuwa na kijito. Kando ya kijito wanyama walijenga, wakalima, wakapika. Juu kidogo, katika ufa wa jabali, aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo kama sungura, mnene kama mto wa kulalia, mkia hana. Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu. Mume pia alikuwa naye, lakini asubuhi moja mume alitoka kuota jua, na tai akamchukua. Mungu amlaze mahali pema. Aliyefiwa anajua, na asiyefiwa sitaki ajue leo.

Chini bondeni aliishi Bwana Ngiri. Ngiri alikuwa na kifua kipana na meno yaliyopinda kama mundu. Alikuwa akipiga magoti anapokula. Ukimwona kwa mbali ungedhani anasali. Hakuwa akisali. Alikuwa akila.

Na alikula vyungu vya watu. Sababu ilikuwa hii. Zamani chui alikuwa akiingia bondeni, na siku moja Ngiri akamfukuza. Wanyama wakafurahi, wakaimba, wakamwambia, "Kuanzia leo, Bwana Ngiri, chungu chochote kikiiva, wewe utaonja kwanza."

"Kuonja ni kiasi gani?" Ngiri akauliza.

"Pua moja tu, bwana!"

Hakuna aliyeitazama ile pua. Ilikuwa ndefu kama mchi. Mtu mwenye furaha asipewe kazi ya kutunga sheria.

Chui akahama. Kuonja hakukuhama.

Kila jioni, chungu kikiiva, mwenye nyumba aliondoa kifuniko akasubiri. Pu! Pu! Pu! Hizo ni hatua za Ngiri. Gwa! Hayo ni magoti yake. Kisha pua ikaingia chunguni: fyoo! fyoo! fyoo! Akiinuka hujifuta mdomo na kusema, "Si kibaya. Kimepungua chumvi." Halafu huyo, nyumba ya pili.

Kwa Mzee Kobe, mwenye chungu kirefu, pua moja iliacha nusu. Kwa Bi Pimbi, mwenye chungu kidogo, pua moja ilifika chini kabisa. Kilichobaki ni utando wa pembeni. Mume alipokuwa hai, walitafuta wawili na watoto wakapata cha kumeza. Sasa anatafuta mmoja. Mtoto wa mwisho, jina lake Sikitu, akaacha kucheza. Alikaa tu mlangoni, amejikunja. Mama akimwita, anageuza macho bila kugeuza kichwa. Bi Pimbi alipoona hivyo, moyo wake ulikuwa mzito kuliko siku ya msiba.

Siku ya arobaini wanyama walikuja kumhani. Walileta mtama, wakaleta viazi. Mwisho kabisa akafika Bi Kanga, rafiki yake wa ng'ambo ya mlima, vumbi hadi shingoni.

"Pole, dada. Nimechelewa, njia ni ndefu."

"Nimekwishapoa, dada. Karibu."

"Nimekuletea rambirambi." Akatoa kifuko kidogo.

Mzee Kobe akafungua, akachungulia. Ndani mlikuwa na mbegu nyeusi na za kijivu, ndogo kuliko ulezi. "Bi Kanga, wenzako wameleta chakula. Wewe umeleta vumbi la njiani?"

"Si vumbi, mzee. Ni chia. Wanadamu wa kwetu wanazilima."

"Ndogo hivi! Hata siafu angeomba nyongeza."

"Cheka tu, mzee. Wewe nawe ulitoka kwenye yai."

Kisha Bi Kanga akamwinamia rafiki yake. "Sikiliza, dada. Usibadilishe mapishi yako. Pika kile mnachokula siku zote. Kando, tia kijiko kimoja kwenye kibakuli cha maji. Koroga, ngoja, koroga tena. Zikishavimba, changanya kwenye uji, kwenye maharage, kwenye mchuzi, popote. Ila zisiliwe kavu, dada. Hata siku moja."

Bi Pimbi akashukuru. Nusu ya mbegu akazipanda nyuma ya jabali. Nusu akaziweka.

Siku ya kwanza alipika uji wa mtama. Pu! Pu! Pu! Gwa! Fyoo! fyoo! fyoo! "Si kibaya. Kimepungua chumvi." Ngiri akaenda zake. Bi Pimbi akatoa kibakuli alichokificha nyuma ya kinu, maana sheria ilitaja chungu, haikutaja kibakuli. Kijiko kimoja kilikuwa kimejaza kibakuli kizima. Akamimina juu ya utando wa uji, akakoroga, akapakua.

"Mama," akasema mtoto mkubwa, "umetupikia mayai ya chura!"

"Kula, mwanangu. Chura akija kuyauliza, nitazungumza naye mimi."

Wakala.

Siku ya pili alipika maharage. Pu! Pu! Pu! Gwa! Fyoo! fyoo! fyoo! Ngiri akaenda zake. Kibakuli kikatoka, chia zikaingia. Wakala.

Siku ya tatu alipika ndizi. Pu! Pu! Pu! Mnajua wenyewe. Wakala.

Siku ya kumi Sikitu aliinuka pale mlangoni, akamsukuma kaka yake, kaka akabingirika hadi kijitoni, pwaa! Bi Pimbi alipaswa kumgombeza. Hakumgombeza. Alikwenda nyuma ya jabali akafuta macho.

Miezi ikapita. Chia nyuma ya jabali zikatoa maua ya buluu, zikakauka, zikavunwa. Bi Pimbi akapanda tena kidogo, na zilizobaki zikajaza mfuko mmoja mkubwa, mkubwa kumpita Sikitu mwenyewe. Ndicho chakula chao cha kiangazi kizima.

Lakini mlafi ana jicho. Jioni moja Ngiri aliinua pua kutoka chunguni, akawatazama watoto. Mashavu yamejaa. Matumbo yanang'aa.

"Bi Pimbi. Mimi naacha utando tu humu. Hawa wananenepa kwa utando?"

"Wananenepa kwa rehema ya Mungu, bwana."

"Rehema hiyo imo chunguni mwa nani? Kesho asubuhi nakuja. Utanionyesha, na nitaionja yote."

Alfajiri Bi Pimbi alisimama juu ya jabali akaomba. "Mola wangu, uongo umenikataza. Nguvu hukunipa. Mume umemchukua, na sikulalamika, ila kidogo. Nimebaki na nini cha kuwalindia hawa watoto?"

Jua likachomoza. Mara akacheka peke yake, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Kweli! Nimebaki na kweli. Na huyu bwana hajawahi kumwamini mdogo hata siku moja."

Akaingia ndani, akauweka mfuko chini ya mkeka. Mkeka ukatuna kama tumbo la mbuzi mwenye mimba. Akaketi kando yake, akajipepea.

Pu! Pu! Pu!

"Iko wapi?"

"Chini ya mkeka, bwana."

Ngiri akakunja uso. Hakutegemea kujibiwa. Akafunua mkeka, akachana mfuko kwa jino. "Hizi? Hizi ndizo zinazonenepesha?"

"Ndizo hizo."

"Mnakula kiasi gani?"

"Kijiko kimoja, bwana. Usizidishe."

Ngiri akacheka hadi masikio yakatikisika. "Kijiko! Unanionea huruma au unauonea huruma mfuko wako?"

"Nakuonea huruma wewe. Na ziloweke kwanza kwenye maji. Zisiliwe kavu."

"Ehee! Niloweke, ningoje, niende nyumbani, kesho nikirudi mfuko umehama. Mama, mimi nilizaliwa lini?"

"Sijui, bwana. Lakini nakuomba, loweka."

Kadiri alivyoomba, ndivyo Ngiri alivyofurahi. Akapiga magoti. Gwa! Akazoa, akatafuna, akameza, kavu kama zilivyo. Karasha! Karasha! Karasha! Sikitu alitaka kulia, mama akamshika mkono. Mfuko ukabaki ngozi.

"Zipo nyingine?"

"Zipo. Ziko ardhini nyuma ya jabali. Chimba utaziona."

"Ili nichimbe mlima mzima, nyinyi mkinicheka? Hunipati." Akakohoa. Koho! Koho! Koo lilikuwa limekauka. "Naenda kunywa maji."

"Bwana Ngiri, kwa jina la Mungu, kunywa kidogo kidogo!"

"Sasa hata maji ya kijito ni yako?"

Akateremka hadi kijitoni. Gudu! Gudu! Gudu! Akapumzika. Gudu! Gudu! Gudu! Kijito kikapungua, vyura wakasogea.

Akaanza kurudi nyumbani. Hatua ya kwanza, tumbo likasema: vuu. Hatua ya kumi, tumbo likasema: vuu, vuu. Alipofika kwake, tumbo lilikuwa linafika kabla yake.

Siku zile Ngiri aliingia shimoni mwake kama watu wote, kichwa kwanza. Akaingiza kichwa. Kikapita. Akaingiza mabega. Yakapita. Akaingiza tumbo. Kwaa!

Akasukuma mbele. Hola. Akavuta nyuma. Hola. Na ndani ya tumbo: vuu, vuu, vuu. Kichwa gizani, matako juani, mkia umesimama wima kama kijiti.

"Uwiii! Nisaidieni! Nakufa!"

Wanyama wakakusanyika. Mzee Kobe alifika wa mwisho, lakini ndiye aliyesema wa kwanza.

"Bwana Ngiri, leo unaonja shimo?"

"Nivuteni!"

"Lakini sheria ni pua moja, bwana. Wewe umetia hadi kiuno!"

Wakacheka hadi wakaketi chini. Kisha wakavuta, maana walikuwa majirani. Wakavuta mkia, wakavuta miguu. Hola. Bi Pimbi naye akaja, akaweka sikio kwenye lile tumbo, akasema, "Hatakufa. Angoje tu. Kilichoingia kwa pupa kitatoka kwa zamu."

Jioni hiyo vyungu viliiva bondeni kote. Bi Pimbi alipika maharage, na ndani yake akatia kijiko kimoja cha chia, za mwisho, zilizobaki kwenye kibakuli nyuma ya kinu. Safari hii alizitia chunguni moja kwa moja. Akaondoa kifuniko, kwa mazoea. Watoto wakaketi wakisubiri, kwa mazoea. Walisubiri pu, pu, pu. Haikuja. Mvuke ukapanda juu ya maharage, hakuna pua iliyoukata.

Bi Pimbi akainamisha kichwa, akamshukuru Mungu, akamwombea marehemu. Kisha akasema, "Haya, kuleni."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Walikuwa hawajawahi kuanza chungu.

Sikitu akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, nani anaonja kwanza?"

"Wewe."

Mtoto akachota kijiko kimoja, akapuliza, akala. Akafikiri kidogo. Akasema kwa sauti nzito, "Si kibaya. Kimepungua chumvi."

Bi Pimbi alicheka hadi akashika mbavu, na kicheko chake kikasikika bondeni, na waliokuwa wakikoroga wakasimamisha mwiko kusikiliza.

Siku tatu Ngiri alikaa mlangoni pake. Siku ya nne akapungua, akachomoka kinyumenyume, pop! Akaona aibu sana. Ndiyo maana hadi leo ngiri huingia shimoni nyuma kwanza, ili tumbo likikwama, angalau uso uwe nje aombe msaada. Na akikimbia mkia husimama wima, maana ulivutwa na bonde zima.

Bi Pimbi alimpelekea bakuli la uji mwembamba. Ngiri akanywa polepole, bila kupiga magoti, bila kutaja chumvi. Alipomaliza akasema kwa uchungu, "Bi Pimbi, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, bwana."

"Ungeniambia kwa nguvu."

"Nguvu zilikuwa kwako."

Tangu siku hiyo Ngiri hula majani, na chungu huanzwa na aliyekipika.

Sasa, wanangu, ngano bila funzo ni mchuzi bila kitoweo, kwa hiyo shikeni mafunzo haya. La kwanza, kusema kweli ni hatari kubwa: tazameni ilivyomkwamisha bwana wa watu mlangoni pake. La pili, mkubwa akija kuonja, mpeni mfuko wote, na mkimwonya, mwonyeni taratibu. La tatu, chia ni mbegu mbaya sana. Msitie hata kijiko kwenye uji wenu. Kama mnazo nyumbani, nileteeni mimi, niteseke nazo peke yangu asubuhi na jioni.

— Nimetua?
— Umetua salama!
— Mmeshiba?
— Tumeshiba, na sahani tumelamba!
— Basi asiyeshiba alaumu masikio yake, asilaumu mdomo wangu. Mungu atulinde, sisi na waliotangulia.
— Amina, bibi, amina!