Fahali wa Mize na Banda la Shaba

Palikuwa na Sultani mmoja, Fakihi jina lake, aliyeamini kuwa duniani hakuna kitu ila damu. Mtu wa ukoo alipewa kiti, asiye na ukoo alipewa fagio. Hata ng'ombe aliwataka wa nasaba. Akaagiza ng'ombe wa maziwa kutoka milima ya mbali, kule kwenye ukungu, wanyama wakubwa, wanene, ambao mama na bibi zao walijaza ndoo asubuhi na jioni. Akawajengea banda la mawe lisilo na dirisha, akaliezeka kwa shaba ili ling'ae mpaka masultani jirani wakose usingizi. Akawavika mahameli. Nyasi akazipiga marufuku, ati ni chakula cha ng'ombe wa walalahoi. Ng'ombe wake walilishwa wali na halua. Waziri akasema hiyo ni hekima tupu. Waziri yule angeyasifu hata mafua ya Sultani.

Basi ng'ombe wakakonda ndani ya mahameli. Maziwa waliyokuja nayo yakakauka, na ndama hata mmoja hakuzaliwa. Sultani hakulitazama banda, alimtazama fahali. Akatoa amri: fahali asiyefanya kazi ni nyama. Yule aliyekuja nao kutoka milimani akaliwa wa kwanza. Wakafuata fahali wa raia, waliotwaliwa wawapande ng'ombe wale, mmoja baada ya mwingine, hata zamu ikamfikia fahali wa Mize.

Mize alikuwa mjane, muuza maziwa, na ulimi wake haukumwogopa mtu. Ng'ombe wake walikuwa wadogo, weusi, wa kienyeji. Maziwa yao yalikuwa ya kibuyu, si ya ndoo, lakini walizaa kila mwaka, na wanawe walikula kwa hayo. Bila fahali hakuna ndama, bila ndama hakuna maziwa. Fahali wake akafungiwa banda la shaba, akatoka anahema, na ng'ombe wa Sultani hata hawakugeuza shingo kumtazama. Hukumu ikapita: achinjwe kwa karamu ya harusi, maana Sultani alikuwa karibu kuoa.

Asubuhi ya harusi Mize akaingia barazani. Wakwe wamekaa mbele, mchinjaji yuko uani ananoa kisu. Alikuwa na hofu, tena kubwa, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

"Mtukufu, fahali wangu kakosa nini?"

"Hafanyi kazi."

"Nyumbani kwangu kila ng'ombe ana mimba yake."

"Ng'ombe wako ni takataka."

"Ni takataka, Mtukufu, lakini mama zao walizaliwa juani, na wao jua wanalijua. Hao wako, damu yao ni ya baridi. Tena ni damu ya maziwa, kila wanachokula kinakimbilia kwenye kiwele. Sasa unawanyima nyasi, unawavika mahameli, unawapika chini ya shaba. Mimba itakaa kwa nguvu gani?"

Waziri akacheka. "Mwanamke huyu anataka kumfundisha Mtukufu mambo ya ng'ombe."

"Damu njema haijui joto," Sultani akasema. "Haijui njaa. Ni damu tu."

"Damu tu?"

"Damu tu."

"Na damu ya Mtukufu ni bora kuliko ya ng'ombe?"

"Una wazimu? Mimi ni sultani, mwana wa sultani, mjukuu wa sultani."

"Basi ni rahisi," Mize akasema. "Mtukufu aingie banda lile sasa hivi na joho lake la harusi. Ale halua, asile kingine. Jua likizama aletewe bibi harusi. Damu ikifanya kazi yake, mchinjeni fahali, na mimi nifukuzeni mjini."

Sultani akamtazama waziri, waziri akatazama zulia. Wakwe walikuwa wanangoja jibu. Mtu aliyejisifia damu yake mbele ya wakwe atasema nini tena?

"Nitaingia," akasema.

Akaingia. Mwanzoni alisikika akiimba. Jua lilipopanda juu ya shaba, wimbo ukakoma. Alasiri ikasikika sauti ikiitukana halua. Mize alikaa nje kwenye kivuli, kamshika fahali wake kamba.

Magharibi shangazi wa bibi harusi akaja na udi na vigelegele, bibi harusi nyuma yake, amefunikwa shela. Waziri akagonga mlango.

"Mtukufu, bibi harusi amefika."

"Mwondoe," ikajibu sauti. "Lete maji."

"Mtukufu, amepambwa, ananukia."

"Asinikaribie. Mtu yeyote asiniguse. Maji, nimesema."

Vigelegele vikafa. Shangazi akaweka chetezo chini, akamgeukia waziri.

"Bwana waziri, kwetu wanangoja habari. Nikawaambie nini?"

Maisha yake yote waziri hakuwahi kukosa sifa, siku hiyo alizikosa. Akamgeukia Mize kwa macho ya kuomba.

Mize akasimama, akakung'uta kanga yake.

"Kawaambie fahali ni mzima, banda ndilo bovu," akamwambia shangazi. "Kama hilo ni gumu kutamka, bwana waziri, kisu kimeshanolewa, na amri ya Mtukufu ipo: fahali asiyefanya kazi ni nyama."