Mbuzi ya Bi Kindi

Paukwa!
*Pakawa!*
Moto?
*Unawaka!*
Sufuria?
*Inatokota!*
Mwenye njaa asogee!
*Tumesogea!*

Basi kaeni vizuri. Hapo kale palikuwa na Bi Kindi, mwili kiganja, mkia fagio. Alikaa pwani, juu ya minazi. Na alikuwa na shoga yake, Kanga. Si kanga ya kujifunga kiunoni, jamani. Kanga ndege, mwenye madoadoa.

Mwaka mmoja ikaja njaa. Nazi zikadondoka zingali vidaka, na watoto wa Bi Kindi wakalia mpaka sauti zikakauka. Hapo Kanga akaja na akiba yake ya kunde. Hakuombwa. Akaimwaga chini, akaigawa nusu kwa nusu, akasema, "Wako ni wangu." Watoto wakapona. Kabla mvua hazijarudi, moto wa kichaka ukateketeza kiota cha Kanga, naye akahamia nchi ya ng'ambo, nyuma ya milima, kwenye baridi.

Bi Kindi akawa kila akila, tonge moja linamkwama. Linamkumbusha Kanga.

Siku moja Mbayuwayu akapita na salamu. "Kanga anakuamkia. Anasema huko nchi njema, ila nazi hakuna. Hata jina la nazi hawalijui."

Bi Kindi hakukaa. Akatia nazi mbili kwenye gunia. Akatia na mbuzi yake ya kukunia, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno. Huyo! Akapanda, akapanda, akapanda. Akashuka, akashuka, akashuka. Akafika.

"Hodi!"

"Karibu! Nani? Shoga yangu! Ni wewe kweli?"

Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka. Lakini Bi Kindi alipomshika mwenzake, alishika mifupa. Shingo nyembamba kama kijiti.

"Kanga, unaumwa?"

"Siumwi. Nalima, navuna, napika. Ila hapa kuna Fisi. Chakula kikiiva anakuja, anakula chote. Mimi natafuna mabichi. Shoga, tupike kidogo, tena kisinukie."

"Wali wa nazi usionukia ni uji," alisema Bi Kindi. "Nimevuka milima kuja kupika nawe. Washa moto."

Wakaingia jikoni. Bi Kindi akavunja nazi, pa! Akakalia mbuzi yake, akakuna: kwaru, kwaru, kwaru. Kanga akachambua mchele na kunde zake mwenyewe, akiimba nyimbo za kwao alizodhani amezisahau. Wakakamua tui zito, wakaliweka kando. Wakakamua jepesi, wakapikia. Kunde tok-tok-tok, wali tok-tok-tok. Kunde zilipoiva, wakazimiminia lile tui zito. Wali ulipokaukia wakaupalia makaa juu ya kifuniko. Bi Kindi akaosha mbuzi yake, akairudisha guniani.

Harufu ikatoka mlangoni, ikapiga kona, ikaenda kwa majirani. Nungunungu akaja, akasimama mlangoni akimeza mate. Pimbi naye akaja, akasimama nyuma yake.

Mara: puu, puu, puu! Nusa, nusa, nusa!

"Kilichoiva changu, kisichoiva nakisubiri!"

Ni Fisi, tumbo mbele. Majirani wakabana ukutani. Kanga akainama kumpa sufuria, kama alivyozoea. Bi Kindi aliona ule mkao wa shoga yake, na moyo ukamuuma kuliko njaa yoyote aliyowahi kulala nayo.

"Shikamoo, Bwana Fisi," alisema. "Kumbe hapa mheshimiwa kama wewe hulishwa wali mtupu? Na mimi ninayo mbuzi!"

Masikio ya Fisi yakasimama. "Umesema mbuzi?"

"Mbuzi. Nimetoka nayo kwetu pwani. Imo guniani."

"Nimetoka *naye*," alisema Fisi. "*Yumo* guniani. Nyinyi wa pwani lugha hamjui kabisa. Mnene?"

"Ukiikalia mgongoni haitikisiki."

"Sema *haitikisiki* kwa meza! Mbuzi *hatikisiki*! Ana pembe?"

"Haina. Ina ulimi mrefu, na meno makali mno."

"*Ana*, mgeni, *ana*! Haya, nipe."

"Ugeni, Bwana, nitajifunza. Ila chagua moja. Ukitaka wali, chukua wali, mbuzi inabaki kwangu. Ukitaka mbuzi, chukua mbuzi, wali unabaki kwa Kanga, leo na siku zote. Uape mbele ya majirani."

Sasa, nchi ile mtu akila yamini mbele ya majirani kisha akaivunja, hanywi tena kisima kimoja na wenzake. Fisi alijua. Lakini mate yalikuwa yanamchuruzika mpaka magotini.

"Naapa! Nachukua mbuzi! Sufuria ya Kanga siigusi tena, leo wala kesho! Nungunungu umesikia? Pimbi umesikia?"

"Tumesikia."

Bi Kindi akamsogezea gunia. Fisi hakulifungua. Alilirukia, akaling'ata kwa nguvu zake zote.

Kacha!

"Mama weee!"

Jino likaruka, likagonga kifuniko, ting! Fisi akalichana gunia. Kigoda. Ulimi wa chuma. Meno.

"Hii si mbuzi!"

"Ndiyo mbuzi. Nilikwambia *ina*, ukaniambia sijui lugha."

Pimbi ndiye aliyeanza kucheka. Nungunungu akafuata, miiba yote ikicheza. Fisi akatazama sufuria, akatazama majirani, akakumbuka kisima. Akatoka kinyumenyume, ameshika taya.

Wakaketi, wakanawa. Kanga akala tonge la kwanza. Akala la pili, machozi yakamtoka.

"Ahsante, shoga yangu."

"Usinishukuru," alisema Bi Kindi. "Watoto wangu wanapanda minazi leo, na ni kunde zako zinazopanda. Mimi ndiye ninayeshukuru. Kula."

Wakala. Majirani wakala, wakashukuru. Na tonge la Bi Kindi, siku hiyo, lilishuka lenyewe.

Alipoondoka aliiacha mbuzi kwa Kanga, na nazi humletea kila mavuno. Mpaka leo Fisi akisikia kwaru, kwaru, kwaru, anazunguka nyuma ya kilima.

Na funzo? Funzo ni kwamba ulafi ni mbaya. Mkialikwa kwa watu mle kidogo, mbakize sahanini. Wale wanne waliokwangua ukoko mpaka sufuria ikatoboka, msiwaige.

Chungu nimeepua, moto nimezima. Aliyeshiba ashukuru, mwenye njaa amfuate Fisi!