Mguu wa Kwanza wa Sultani

Palikuwa na Sultani Badawi, mtu aliyetaka kutangulia katika kila jambo. Boga la kwanza la msimu lilikuwa lake. Nyumba mpya haikukanyagwa kabla hajaikanyaga yeye. Mpishi wake alionja boga jipya kwa ruhusa ya malkia, akala bakora. "Sheria yangu haijui ruhusa!" alinguruma Sultani.

Siku moja mwanachuoni mgeni akamweleza kuwa dunia ina matabaka: juu ganda la mwamba, chini yake mwamba wa joto kali, kisha chuma kilichoyeyuka kama samli, na katikati kabisa tufe la chuma kigumu. Sultani akalitamani lile tufe. Alitaka liwe la kuegeshea miguu.

Mjini mle alikuwemo Shaame, mchimba visima. Visima vyake vyote vilikuwa vikavu, kuku wakitagia humo. Watu walipomcheka kwenye kahawa, yeye alijicheka kuwashinda. "Maji nayapita tu, jamani! Mie huchimba mbali mno."

Mdomo huponza kichwa. Maneno yalifika kwa Sultani, na Shaame akaamriwa alete lile tufe, la sivyo azikwe shimoni mwake. Maskini akachukua jembe, akaanza kuchimba. Kichwa chake hakikuwa na kazi nyingi, lakini alikuwa amekizoea.

Ijumaa Sultani akaja na wazee wake kutazama.

"Umefika wapi?"

"Kiunoni, Mtukufu."

"Kiunoni mwa dunia?"

"Kiunoni mwangu. Na mie mfupi."

"Mbona umeacha, mvivu we?"

"Uvivu ninao, Mtukufu, sikatai. Lakini leo nimezuiwa na sheria. Ganda hili la juu umeshalikanyaga, nalichimba bila hofu. Tabaka la chini yake je, nani amelikanyaga?"

"Hakuna."

"Basi ni jipya. Na mguu wa kwanza ni wa nani?"

Wazee wakatazama viatu vyao.

"Nakuruhusu utangulie," alisema Sultani haraka.

"Mpishi naye aliruhusiwa. Mgongo wake haujapona."

Sultani akachungulia shimo, akarudi nyuma hatua. "Yaani mimi nishuke motoni?"

Shaame akapanda juu, akajipangusa udongo, akamwegeshea ngazi kwa adabu zote.

"Tangulia, Mtukufu. Na kuzama usihofu: katika visima vyangu hajapata kuzama mtu."