Mahindi Yaliyotafuta Jina

Niazimeni masikio, nami niwaachie kesi ambayo wenyewe walishindwa kuikata.

Chini ya milima ya Taita, upande wa nyika ambako mawingu hupita bila kubisha hodi, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bibi Mkawasi alijua kutunza. Mzee Mwakio alikuwa na jicho: akipita shambani mwako mara moja, atakwambia shina lipi halitafika wiki ijayo. Na Wakesho, mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, alijua jinsi kiumbe anavyorithi sifa za wazazi wake.

Bibi Mkawasi alirithi mbegu ya mahindi kwa mama yake. Masuke yake yalikuwa madogo, hayazidi kiganja, lakini mvua ikikatika mwezi mzima na mahindi ya majirani yakakauka kama makuti, yake yalikunja majani yakangoja. Mwaka wa njaa kubwa alilala siku nne tumbo tupu, na mbegu inaning'inia juu ya meko, kwenye moshi. Walimshauri aipike, akakataa. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa akisema kwamba mbegu ile ndiyo uzao wake.

Wakesho alimwomba kibaba kimoja. Alipanda mahindi ya Bibi kando ya mahindi ya dukani, yale yenye masuke manene lakini yasiyovumilia jua. Masuke ya dukani aliyafunika kwa mifuko ya karatasi kabla hayajatoa ndevu, upepo usije ukamtangulia. Kisha alikung'uta vumbi la mbelewele, yale maua ya kileleni mwa mahindi ya Bibi, akalinyunyizia ndevu zile kwa mkono wake, akazifunika tena.

“Vumbi ndilo baba, ndevu ndizo mama,” alimweleza Bibi. “Kila punje itabeba nusu ya huku na nusu ya huku.”

Msimu uliofuata mahindi yalitoka manene na yenye kuvumilia jua, na wanawake wakapiga vigelegele. Lakini walipopanda tena punje za mavuno yale, shamba likavurugika. Mengine yalinenepa yakakauka, mengine yalivumilia yakabaki madogo, na yaliyokuwa mazuri pande zote mbili yalihesabika kwa vidole. Watu wakanong'ona kwamba mwalimu ameharibu mbegu ya wazee. Bibi naye kwa wiki mbili hakukanyaga shambani.

Wakesho aliumia, kwa sababu alijua hakuna kilichoharibika. Alimshika mkono binti yake Mghoi, wakaenda kwa Bibi.

“Mtazame meno, Bibi. Mimi sina mwanya, na baba yake hana. Huu ni mwanya wa marehemu mama yangu. Ndani yangu ulijificha tu, haukufa. Mahindi yetu nayo ni hivyo hivyo. Kila kitu kimo ndani, kimechanganyika. Anatakiwa mtu wa kukichambua.”

Mtu huyo akawa Mzee Mwakio. Misimu saba alipita mstari kwa mstari kila asubuhi, akifunga uzi mwekundu kwenye mashina yaliyostahili na kung'oa yasiyostahili kabla hayajamwaga vumbi lao kwa wenzake. Shamba alilolitoa lilikuwa lake, na ndilo lililokuwa likimlisha. Miaka yote hiyo alikula unga wa kununua. Watu walimcheka kwamba analima nyuzi. Katikati ya kazi, Wakesho alihamishiwa shule ya mbali kwa miaka miwili. Aliporudi alikuta Mwakio hajaruka hata msimu mmoja.

Ndipo ukaja mwaka ambao mvua ilinyesha majuma mawili tu. Nyika nzima ikawa rangi ya kahawia, isipokuwa shamba la Mwakio. Masuke yalijaa, na msimu baada ya msimu mahindi yalikuwa yakizaa yanayofanana nayo, bila kuvurugika tena. Kijiji kilikula, kikavigawia mbegu vijiji vitatu vya jirani. Watu waliokuwa wakija pale kucheka sasa walikuja na vibuyu. Wakesho alisimama ukingoni mwa shamba, kifua kimejaa fahari, akawaona Bibi na Mwakio wakitembea kati ya mistari kama watu wanaokagua gwaride lao.

Chifu akaitisha baraza. Wakakubaliana mbegu iitwe kwa jina la mtu, wajukuu wajue ilikotoka. Jina liwe moja, maana mbegu ya majina matatu hupotea midomoni mwa watu. Chifu akamkabidhi Wakesho brashi ya rangi, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote, aandike kwenye mlango wa ghala.

Bibi Mkawasi akasema, “Jina langu halina mjukuu wa kulibeba. Lakini sitaki sadaka. Kama sikustahili, niacheni.”

Mwakio akasema, “Bila macho haya mngekuwa bado na shamba la vurugu. Nimelisema mara moja, sitalirudia.”

Wakesho alijua kwamba bila mkono wake, masuke ya Bibi yangebaki ya kiganja, na Mwakio asingekuwa na cha kuchagua. Naye alilitaka jina lile, alilitaka kweli. Alichovya brashi, akaiinua hadi mlangoni, kisha akaishusha na kuwageukia watu.

“Mimi nimo katika kesi hii,” alisema. “Siwezi kuwa mshindani na hakimu.”

Akaiweka brashi chini, mbele ya baraza zima. Hakuna aliyeiokota.

Basi nyinyi mlioketi hapa mmewasikia wote: aliyetunza, aliyeunganisha na aliyechambua. Rangi bado mbichi, mlango ni mtupu. Ukiiokota wewe brashi ile, utaandika jina la nani?