Ambaye Hakuumaliza

Sogeeni karibu, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hadithi yenyewe ni ndogo, imekaa ndani ya herufi moja, na ukizubaa itakupita.

Bi Mwaharusi wa Korogwe, aliyestaafu kazi ya kuwafundisha watu wazima kusoma, alikuwa na watoto watatu. Nuhu, fundi saa, alijaliwa jicho: skrubu ya saa ikidondoka mchangani, yeye huiokota bila kupapasa. Mwanaidi alijaliwa sikio: ukisema "kiti yangu" mbele yake atakusahihisha, hata uwe bwana harusi. Mwajabu, mkubwa wao, alijaliwa kumbukumbu. Jambo likiingia kichwani mwake halitoki, na wapo waliomkwepa kwa sababu hiyo.

Bi Mwaharusi alipigwa na kiharusi, ulimi ukafungwa na mkono wa kulia ukafa. Mwajabu alimuuguza siku kumi. Siku ya tisa mgonjwa aliomba kalamu kwa ishara, akaandika kwa mkono wa kushoto. Alfajiri iliyofuata alifariki. Mwajabu alimfumba macho, akafagia ua, akabandika chai ya waombolezaji. Hakulia. Alijiona kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini si wako.

Barua aliisoma Baba mdogo Shekue, mdogo wa marehemu baba yao, mbele ya watu wote:

"Wanangu. Dada yangu Chausiku yuko Muheza. Mume wangu yuko Mombo. Nizikeni kwa yule ambaye hakumaliza. Atakayenisoma vizuri achukue miwani yangu."

Watu waliitikia kwa vichwa, maana makaburi yote mawili wanayajua. Nyumba ya mumewe kule Mombo haina paa mpaka leo, kila mtu anaijua; asiyemaliza ni nani tena? Na si ndiye aliyetajwa mwisho? Baba mdogo akapiga simu Mombo kaburi lichimbwe, maana maiti ilitakiwa kuondoka mara baada ya adhuhuri, na Mombo na Muheza ni njia mbili zinazopeana mgongo. Mwajabu alisikia yote hayo huku akimimina chai.

Nuhu akaomba kuiona barua. Aliisogeza dirishani, akaikazia jicho lile la saa. Akasema mama ameandika u mbili. Si "hakumaliza", ni "hakuumaliza". Baba mdogo akamwambia huo ni mtetemeko wa mkono wa mgonjwa. Nuhu aliona u mbili. Zina maana gani, hakujua.

Mwanaidi ndiye aliyeshtuka. Akasema ile u ya pili inashika kitu. Ingekuwa nyumba, mama angeandika "hakuimaliza". Lingekuwa paa, "hakulimaliza". Mwalimu mzima, hata kwa mkono wa kushoto, hawezi kukosea hapo.

"Basi ni ukuta," alisema Baba mdogo. "Kaka aliacha ukuta."

Mwanaidi akahesabu vidoleni. Ukuta unaumaliza, mti unaumaliza, mwaka unaumaliza: u ni ile ile. Sikio lake lilikuwa limefika mwisho wa njia. Saa tano ilishapita, na gari lilikuwa limeelekezwa Mombo.

"Ukuta baba aliumaliza," alisema Mwajabu. "Niliwapelekea maji yeye na fundi, siku waliyomaliza kupiga lipu. Mkeka wa mama mkubwa Chausiku ndio haukumalizwa. Uko juu ya kabati."

Alilisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu. Kisha akaeleza yaliyosalia, kwa sababu waliuliza. Chausiku alikuwa anamsukia mdogo wake mkeka wa harusi. Homa ikamshika, akamwita, na Mwaharusi alikuwa chuo cha ualimu akingoja mtihani upite. Alipofika Muheza, matanga yalikuwa yameshaanuliwa.

Wakaushusha mkeka. Kili tano, vile vipande virefu vilivyosukwa, zilikuwa zimeshonwa, na ukili wa sita ulikuwa umeishia katikati, majani yake ya miyaa yakining'inia. Baba mdogo aliushika, akapiga simu Mombo tena, akawaambia wasichimbe.

Wakamzika Muheza, ubavuni mwa dada yake, wakamlaza juu ya mkeka ule. Ulikuwa mfupi. Ulimfika magotini. Mwajabu aliitazama miguu ndani ya sanda, ilivyolala juu ya udongo mtupu, akangoja kusikia kitu moyoni. Hakusikia.

Baada ya hitima miwani ililetwa juu ya sinia. Nuhu alisema bila jicho lake mama angekuwa Mombo. Mwanaidi akasema jicho liliona mikwaruzo tu, sikio ndilo lililoigeuza kuwa neno. Baba mdogo akashauri waitumie kwa zamu. Mwanaidi akakataa: mama aliandika "atakayenisoma", hakuandika "watakaonisoma". Nuhu akaitazama herufi. Ni a, moja, haina shaka.

Wote wawili wakamgeukia Mwajabu. Jicho na sikio, walisema, vilifika mlangoni, yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo.

"Msinipe," alisema. "Habari ya mkeka nilikuwa nayo tangu utoto. Barua imesomwa, kaburi limeagizwa, mimi namimina chai. Msingebishana, ningemzika Mombo hivi hivi."

Miwani ingali juu ya lile kabati, palepale palipokuwa na mkeka. Kila Ijumaa Mwajabu huishusha, huipangusa, huivaa kidogo, na haoni kitu ila ukungu. Juzi alikaa nayo usoni mpaka adhana, na alipoivua vioo vilikuwa vimelowa.

Haya, nimewapa yote, sikuficha hata herufi. Mmoja aliona, mmoja alisikia, mmoja alijua akanyamaza mpaka alipohitajika. Mama ametaka mtu mmoja. Je, ingekuwa wewe, miwani ile ungempa nani?