Ng'ombe wa Mchoro Avuke Kwanza

"Ng'ombe wa mchoro avuke kwanza." Mmemsikia mama yenu akisema hivyo, sasa mwaniuliza ni ng'ombe gani huyo. Haya, tegueni: ninaye ng'ombe hali nyasi, hatoi maziwa, na zizi zima linamshukuru. Mmeshindwa? Nipeni mji. Mmenipa Tukuyu? Nimeupokea, na huko huko ndiko methali hii ilikozaliwa.

Palikuwa na kituo cha ushirika cha kupokea maziwa, na ndani yake dada mmoja, Tusajigwe, msimamizi wa programu ya kompyuta. Programu ile ilimjua kila ng'ombe wa kila mfugaji. Ng'ombe aliyechomwa sindano, maziwa yake iliyakataa mpaka dawa iishe mwilini. Kila mwezi watengenezaji walituma toleo jipya. Na toleo jipya, wajukuu zangu, ni kama mto baada ya mvua: jana uliujua, leo huujui.

Tusajigwe alimkumbuka baba yake. Mto ukijaa, mzee alitanguliza ng'ombe mmoja, kundi likabaki ukingoni likitazama. Basi naye akatengeneza kituo cha mfano kwenye kompyuta ya pembeni, chenye wafugaji wa kubuni na ng'ombe wa kubuni, mmoja wao jina lake Mchoro, ambaye daima alikuwa amechomwa sindano jana. Kisha akaifundisha kompyuta ifanye majaribio yote yenyewe, kila toleo lifikapo, yeye akinywa chai yake.

Meneja Ambakisye alimtania sana.

"Dada, huyo ng'ombe asiyetoa hata kikombe, tunamchinja lini?"

"Mkimchinja mtakula nini, kaka? Umeme?"

Asubuhi moja toleo jipya likaingia, nje wafugaji wamepanga madumu, gari la maziwa linanguruma.

"Weka tu," Ambakisye akasema. "La mwezi uliopita si lilikuwa zima?"

"Na mto wa mwezi uliopita ulikuwa na maji ya magotini. Mchoro avuke kwanza."

Majaribio yakaenda. Hili sawa, lile sawa. Ikafika zamu ya Mchoro. Kompyuta ilipaswa kuandika KATAA. Ikaandika POKEA. Tusajigwe akarudia. POKEA.

Ambakisye akaketi juu ya dumu tupu. Maziwa ya kituo kile yalinywewa shuleni kwa bintiye, Subilaga, na mwaka uliopita mtoto huyo alivimba koo kwa dawa hiyo hiyo wachomwayo ng'ombe, nusura wamkose.

"Tusajigwe," akasema kwa sauti ndogo, "ungenisikiliza..."

"Lakini hukunikataza, kaka. Ulinihimiza tu."

Siku hiyo walipokea maziwa kwa toleo la zamani. Watengenezaji wakaambiwa, wakarekebisha, Mchoro akavuka salama, ndipo kundi likafuata.

Kesho yake Tusajigwe alikuta tita la majani mabichi juu ya kompyuta, limefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Nani kaleta uchafu huu?"

"Mimi," Ambakisye akajibu, machozi yanamlengalenga na kicheko kinamtoka. "Mlishe. Mama Subilaga kasema ng'ombe yule asilale njaa nchi hii."

Wafugaji wakacheka, wakashukuru, wakaenda nalo neno majumbani. Ndiyo maana mama yenu, kabla ya kuliamini jambo jipya, husema: ng'ombe wa mchoro avuke kwanza.